Jaguar ya zamani, nguvu mpya, na giaboksi isiyopewa habari

Giaboksi iliyofungwa chini ya Jaguar XJR ya mwaka 1998 inaitwa W5A580. Tarakimu 5 ni idadi ya gia za kwenda mbele. Namba 580 ni kiwango cha torki, yaani nguvu ya msokoto inayotoka kwenye injini, ambacho waliounda giaboksi hiyo waliikadiria kukibeba, kwa kipimo cha nyutoni-mita. Injini ya gari hilo, V8 ya lita 4.0 yenye supachaja, ilitoka kiwandani na nyutoni-mita 525. Akiba iliyobaki ni 55. Mwenye gari akiongeza torki kwa asilimia kumi tu anafika 577.5, na akiba karibu yote ameimaliza kabla hajalitoa gari gereji.

Asilimia kumi si kitu cha kutafutwa kwa tochi. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Ukifunga puli ndogo, pampu inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inaingia nyingi, kompyuta ya injini inapangwa upya, na jioni gari linavuta kwa namna ambayo mwenyewe hakuizoea. London haina uhaba wa watu wa kuifanya kazi hiyo. Kisha miezi inapita na mteja anarudi na malalamiko ambayo kila fundi wa otomatiki anayajua kwa moyo: gia ya pili inachelewa, injini inapaa peke yake kabla gari halijavuta, ya tatu inaingia kwa kishindo, na asubuhi ya baridi ukiweka D gari linatafakari kwanza.

Jibu la haraka analopewa ni kwamba giaboksi haiwezi nguvu hiyo. Sikubaliani nalo. Familia hiyohiyo ya giaboksi, ambayo Mercedes-Benz iliianzisha mwaka 1996 na mafundi wanaijua kwa namba 722.6, ilifungwa kwenye E55 AMG yenye supachaja na torki ya 700. Ikaimarishwa, ikafungwa kwenye S65 AMG ya V12, gari ambalo torki yake Mercedes waliizuia kwa kompyuta isivuke 1,000. Imo hata ndani ya McLaren SLR. Namba 580 haimaanishi kwamba ukifika 581 chuma kinapasuka. Tatizo la XJR iliyoongezwa nguvu huanzia kwingine: giaboksi imezeeka, oili yake imezeeka nayo, plagi zake zinavuja, na juu ya yote hayo hakuna aliyeipa habari kwamba injini imebadilika.

Kwa macho XJR ni gari la Kiingereza tupu: ngozi, mbao zilizong'arishwa, gari zima likaunganishwa Browns Lane mjini Coventry. Injini ilitoka Bridgend, Wales. Lakini chini ya sakafu yumo Mjerumani. Jaguar za V8 za wakati huo zisizo na supachaja zilitumia giaboksi ya ZF; yenye supachaja ilihitaji kitu kigumu zaidi, Waingereza wakaenda kubisha hodi Stuttgart. Hapo ndipo gari hili linapomkaribia msomaji wa Afrika Mashariki, hata asiyewahi kulikalia. Giaboksi hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Mercedes E-Class W210, ile ya taa nne za mviringo, C-Class W202 za mwisho na ML za kwanza. Magari hayo bado yanatembea Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na fundi wa Kirinyaga Road, wa Gerezani au wa Kisekka pengine ameshaifungua giaboksi hii mara nyingi kuliko fundi wa Jaguar wa Uingereza. Hata London, spea yenye nembo ya Mercedes ni rahisi kuipata kuliko ileile ukiiulizia kwa jina la Jaguar.

Tuifungue kidogo. Ndani hakuna gia zinazosogezwa huku na huku kwa mkono, za gari la kukanyaga klachi. Zipo seti tatu za gia zinazozungukana, na ili kupata gia moja au nyingine baadhi ya sehemu za seti hizo hushikwa zisizunguke, na baadhi huunganishwa zizunguke pamoja. Zinazoshika na kuunganisha ni klachi tatu na breki tatu, zote zikiwa ni pakiti za sahani nyembamba zilizopangwa kwa zamu ndani ya oili: ya chuma, kisha yenye utando wa kusuguana, kisha ya chuma tena. Shinikizo la oili likija, sahani hubana. Likiondoka, huachia. Kubadili gia ni kuachia pakiti moja na kubana nyingine kwa wakati mmoja, bila kuwahi na bila kuchelewa.

Chukua gia ya kwanza kwenda ya pili. Uwiano wa kwanza ni 3.59, wa pili 2.19. Dereva akibadili injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, gia ya pili itakapokamilika injini lazima iwe imeshuka hadi karibu 3,660. Mizunguko zaidi ya 2,300 imepotea, na imepotelea kwenye sahani zinazosuguana, ikageuka joto. Sahani zikiteleza nusu sekunde, joto hilo linabebeka. Zikiteleza sekunde nzima, na torki imeongezwa asilimia kumi, joto linakuwa zaidi ya mara mbili. Utando wa sahani unaungua, oili inakuwa nyeusi na kunuka kuungua, na mteleko unaofuata unarefuka zaidi ya uliotangulia. Giaboksi haifi kwa siku moja. Inakufa kwa mfuatano huo.

Wapenda magari wengi hupotea njia hapa, na mafundi wasio waaminifu hupata riziki. Dereva kijana anapenda teke la mgongoni. "Kaka, fanya gia zigonge," anamwambia fundi. Fundi anapandisha shinikizo kwa njia ya mkato, gari linagonga, mteja anatabasamu na kulipa. Teke na wepesi ni vitu viwili tofauti. Teke linatokea sahani zinapobana ghafla huku mwendo wa injini na wa magurudumu bado haujalingana. Nguvu hiyo haina pa kwenda ila kwenye shafti, propela shafti, bushi za difu na maunti za injini, ambazo kwenye gari la robo karne tayari ni hoi. Gia nzuri ya gari la kasi inakamilika upesi na kichwa cha abiria hakisogei.

London ina historia yake katika ugomvi huu wa mshtuko. Miaka ya 1920 mhandisi Mwingereza, Harold Sinclair, alichoshwa na jinsi mabasi ya jiji yalivyomrusha abiria mbele na nyuma. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa mbunifu mkuu wa kiwanda cha meli cha Stettin, alikuwa na hataza za tangu 1905 za kifaa kinachopitisha nguvu kwa oili, bila chuma kugusa chuma: ni feni mbili zinazotazamana ndani ya chombo kilichojaa oili, moja ikizungushwa, mkondo wake unaizungusha ya pili. Oktoba 1926 Sinclair alianza mazungumzo na London General Omnibus Company, kifaa kikajaribiwa kwenye basi, kisha Daimler ya Coventry ikakichukua na kukiunganisha na giaboksi ya Walter Wilson, mmoja wa watu waliounda kifaru cha kwanza cha Uingereza. Basi la Routemaster, lile jekundu la ghorofa lililoanza kubeba abiria Februari 1956, halikuwa na pedali ya klachi. Torki konveta, kifaa cha oili cha jamii hiyo kinachokaa kati ya injini na giaboksi ya XJR, inatoka kwenye hataza zilezile za Föttinger. Waliopanda Routemaster watasema mshtuko haukwisha wote, na watakuwa wakweli, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Turudi kwenye oili, maana asilimia kubwa ya ugonjwa imelala huko. Giaboksi hii iliuzwa kwa maelezo kwamba oili yake ni ya maisha. Hata dipstiki haikuwekwa: bomba lipo, lina kofia yenye pini ya plastiki ambayo kuifungua ni kuivunja, na kijiti cha kupimia ni kifaa cha gereji. Maisha ya nani, hakuna aliyefafanua. Baadaye Mercedes yenyewe ikarudisha ubadilishaji wa oili kwenye ratiba ya huduma. ZF nao, ambao giaboksi zao ziliuzwa ndani ya magari yaliyosemwa kuwa na oili ya maisha, hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka minane. XJR ya 1998 imevuka miaka minane zaidi ya mara tatu. Aliyeinunua akiwa mmiliki wa nne au wa tano mara nyingi hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba oili imewahi kuguswa.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Oili ya kwenye sampu ni sehemu tu. Nyingine nyingi imebaki ndani ya konveta. Konveta nyingine zina bolti ya kumwagia, nyingine hazina. Sampu ikishuka, fundi atazame sumaku zilizomo ndani. Unga mweusi laini ni wa kawaida kwa umri huo. Vipande vinavyong'aa ni msiba, na hapo mazungumzo ya puli yafungwe kwanza. Filta mpya, gasketi mpya, na oili ya kiwango ambacho Mercedes inakikubali kwa giaboksi hii, 236.10 au viwango vya baadaye vilivyochukua nafasi yake. Kopo lenye maandishi ATF peke yake halitoshi. Kipimo cha mwisho kinachukuliwa injini ikinguruma na oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Oili hutanuka ikipata moto, kwa hiyo anayepima ikiwa baridi na kujaza hadi alama ya moto amezidisha. Na kuzidisha si usalama: sehemu zinazozunguka huipiga oili mpaka ifanye povu, povu halibebi shinikizo, na sahani zinateleza vilevile ambavyo zingeteleza oili ikipungua.

Baada ya oili, plagi. Ubavuni mwa giaboksi kuna plagi ya pini kumi na tatu. Oringi zake hukauka kwa umri, oili inapenya, na badala ya kudondoka chini ionekane, inapanda taratibu ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Mafundi wa Mercedes duniani kote wanaujua ugonjwa huu. Kipande kipya hakizidi sana bei ya chakula cha mchana London, na kukipuuza kunaweza kugharimu kompyuta.

Juu ya vali bodi, sehemu inayogawa shinikizo la oili kwa sahani, kuna bamba la plastiki la umeme lenye sensa mbili za mwendo na moja ya joto. Kompyuta hulinganisha mwendo unaoingia na unaotoka. Ndivyo inavyojua kama sahani zimeteleza na kwa muda gani. Sensa ikianza kukatikakatika, kompyuta hujilinda: inabaki na gia ya pili na rivasi basi. Dereva anazima gari, anangoja, anawasha, gia zimerudi, anasahau. Wiki inayofuata tena. Wapo waliouziwa giaboksi nzima kwa sababu ya bamba hilo.

Kuna na jambo ambalo si ugonjwa kabisa. Magari mengi ya kizazi hiki, injini ikiwa baridi, huchelewesha kwa makusudi kuingia gia ya pili ili katalisti kwenye ekzosi ipate moto upesi. Mteja anayelalamikia hilo peke yake arudishwe nyumbani na fedha zake.

Jiji nalo lina mchango wake. Maeneo mengi ya London yana ukomo wa maili 20 kwa saa, ambazo ni kilomita 32, na mwendo huo kwa gari hili uko karibu na mpaka wa gia ya pili na ya tatu. Tuta, taa, tuta, foleni; giaboksi inapanda na kushuka gia siku nzima bila hewa ya kutosha kupita mbele. Kwa mazoea ya mafundi, kila nyuzi kumi au kumi na moja juu ya 80 hukata umri wa oili kwa nusu. Foleni ya barabara ya North Circular mwezi Julai inaweza kuizeesha oili kuliko safari ndefu ya Scotland.

Halafu kuna ULEZ. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo hilo la kodi ya moshi linafunika London nzima. Gari la petroli lisilotimiza kiwango linalipiwa pauni 12.50 kwa siku. Anayelitumia siku tano kwa wiki, wiki 50, anatoa pauni 3,125 kwa mwaka. Baadhi ya magari ya petroli ya kabla ya 2006 yanapita, kwa kuwa kumbukumbu zake zinaonyesha kiwango kidogo cha oksidi za naitrojeni, kwa hiyo ingiza namba ya gari kwenye ukurasa wa TfL, mamlaka ya usafiri ya London, kabla ya kununua. Msamaha wa magari ya kihistoria unaanzia miaka 40. XJR ya 1998 bado ina miaka mingi ya kungoja. Matokeo yake, mengi ya magari haya yamekuwa ya Jumapili, na gari la Jumapili lina maradhi yake: mipira inakauka, na oili ya konveta inashuka kwenye sampu. Ukiliwasha na kuweka D papo hapo, litasita. Liache lingurume dakika moja kwanza. Udhaifu huo wa kukaa bure husingiziwa nguvu mpya, au nguvu mpya husingiziwa huo, na fundi mvivu hapati muda wa kutenganisha.

Muda wenyewe ni ghali. Gereji nyingi za London ziko chini ya matao ya reli. Mwaka 2019 Network Rail, shirika la miundombinu ya reli, iliuza haki za upangaji wa matao na majengo yapatayo 5,200, sehemu kubwa yakiwa London, kwa pauni bilioni 1.46 kwa kampuni iliyoitwa The Arch Company, wakati wapangaji walikwisha kuanza kulalamika juu ya kupanda kwa kodi. Gari linalolala gerejini siku nne likichunguzwa linakalia nafasi inayolipiwa. Ndiyo sababu rahisi ya fundi kukushauri ubadilishe giaboksi yote badala ya kuitafuta waya moja.

Sasa tuseme giaboksi ni nzima: oili safi, plagi kavu, sensa zinasema kweli. Hapo ndipo swali la nguvu linapostahili kuulizwa. Kompyuta ya giaboksi haina kipimo chake cha torki. Huambiwa na kompyuta ya injini, kupitia waya za mawasiliano, kwamba sasa hivi torki ni kiasi fulani, na kwa habari hiyo huchagua shinikizo la kubania sahani. Wakati wa kubadili gia huomba kitu kimoja: punguza kidogo. Injini huchelewesha cheche kwa kufumba na kufumbua, torki inaanguka, sahani zinabana bila ugomvi, cheche inarudi. Dereva hasikii chochote. Ule wepesi wa magari ya kasi ya leo umejengwa juu ya mazungumzo hayo.

Njia ya mkato ya kuongeza nguvu huyavunja mazungumzo. Kuna vikasha vidogo vinavyofungwa katikati ya waya ili kuipotosha ishara ya hewa inayokwenda kwenye kompyuta ya injini. Injini inaamini inavuta hewa kidogo kuliko kweli, kisha inaipelekea giaboksi uongo uleule. Giaboksi inabana kwa shinikizo la nyutoni-mita 525 huku inapokea 580. Inateleza. Wengine hung'oa kompyuta ya injini kabisa na kufunga ya mashindano isiyojua lugha ya giaboksi. Hapo giaboksi, ikikosa habari, mara nyingi hukimbilia shinikizo la juu la kujilinda, na kila gia inagonga. Magonjwa mawili yaliyo kinyume, chanzo kimoja.

Enzi za kabla ya kompyuta jambo lilikuwa hilohilo kwa vifaa vingine. Habari ya mzigo ilipita kwa kebo iliyofungwa kwenye mkono wa mafuta, au kwa bomba la vakyumu, namna ya giaboksi ya GM 400 iliyotumiwa na Rolls-Royce, Jaguar XJ12, na hata Ferrari 400 ya mwaka 1976. Fundi aliyekulia kwenye Toyota za zamani anaijua kebo hiyo vizuri: ikilegea, gia zinaingia mapema, laini, na zinateleza, ikikazwa mno, zinachelewa na kugonga. Waya zimechukua nafasi ya kebo, swali la giaboksi limebaki lilelile: injini inavuta kiasi gani?

Kwa hiyo kama puli lazima ifungwe, programu ya injini iandikwe na mtu anayejali takwimu za torki zinazopelekwa kwenye giaboksi, na aliyeandika akuonyeshe. Baada ya hapo zifutwe kumbukumbu za kujirekebisha. Kompyuta hii hujifunza: kila gia inapoingia hupima ilichukua muda gani na kurekebisha mjazo wa oili unaofuata. Giaboksi iliyochoka imejifunza miaka mingi ya uchakavu, na ukibadili oili na bamba bila kuyafuta yale iliyojifunza, itaendelea kusahihisha makosa yasiyokuwepo. Kifaa cha bei rahisi cha kuzimia taa ya injini hakiifanyi kazi hii. Inahitaji kompyuta ya uchunguzi inayoingia ndani ya giaboksi. Kisha gari liendeshwe kwa mguu mwepesi, oili ikiwa moto, kila gia ipande na kushuka mara nyingi. Katikati ya jiji haiwezekani. Barabara ya A13 kuelekea Essex, mapema Jumapili, inatosha.

Wanaotaka zaidi wana milango kadhaa. Programu ya kompyuta ya giaboksi yenyewe inaweza kubadilishwa ili ipunguze muda wa mteleko. Zipo kompyuta huru za kuiendesha 722.6 peke yake, na upo mradi wa programu huria uitwao Ultimate-NAG52, unaotumia kidude kidogo cha kielektroniki aina ya ESP32, ulioanzia kwenye magari ya Mercedes. Ni kazi nzuri ya kiakili, lakini kuihamishia kwenye Jaguar ni mradi wa mtu mwenye muda na moyo mgumu. Kampuni za Marekani kama Sonnax hutengeneza vali na springi za kurekebisha vali bodi iliyolika, na hizo zina faida halisi mahali ambapo aluminiamu imechakaa. Pakiti za klachi zenye sahani nyingi zaidi, na konveta iliyojengwa upya, ni za mtu aliyepita nyutoni-mita 600 na hana mpango wa kurudi.

Mimi ningeanza na kipoza oili cha ziada, chenye thamostati. Bila thamostati, Januari ya London itaiacha oili nzito muda mrefu na gia zitakuwa mbaya kuliko ulivyozikuta. Kipoza kipya, kikifungwa bila oili kupitia tena kwenye radieta, pia kinamlinda mwenye gari la zamani ambalo oili yake hupozwa humo: radieta ikioza kwa ndani, maji ya kupozea huchanganyika na oili, na utando wa sahani hubanduka. Ukiona oili ya giaboksi ina rangi ya maziwa, usiliendeshe hata kulipeleka gereji. Liitie gari la kubebea.

Kupima matokeo mtaani ni kosa la jinai linalongoja kutokea. Santa Pod, Podington huko Bedfordshire, ni uwanja wa ndege wa kivita wa zamani ambako tangu 1966 watu hushindana mbio za mstari mmoja, na zipo siku ambazo mwenye gari la kawaida hulipa akakimbia. Karatasi ya muda wanayokupa inasema kweli kuliko mgongo wako: gari linalogonga gia mara nyingi halilishindi lile linalobadili kimya. Bima iambiwe kuhusu puli. Mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuifanya bima ikatae kulipa. Wala usitegemee cheti cha MOT. Ukaguzi huo wa kila mwaka haupimi gia zinaingiaje, na XJR yenye klachi zilizoungua inaweza kupita asubuhi na kukwama mchana.

Hayo ni kwa mwenye Jaguar ya London, na kwa mwenye W210 ya Mikocheni au ya South C ni yaleyale, joto likiwa zaidi na foleni ikiwa ndefu zaidi. Kabla ya kumlipa mtu kwa ajili ya puli, mwombe akuonyeshe rangi ya oili ikiwa kwenye kitambaa cheupe, joto lake baada ya nusu saa ya foleni, na kwenye skrini ya kompyuta muda ambao kila gia inateleza kabla ya kushika. Akishindwa kukuonyesha, chukua ufunguo wako uende kwa fundi mwingine.